Kiganja cha Fiwi

Maskati, Jumanne, 25 Januari 1966

Idi imekwisha, wageni wamekwisha, halua imekwisha, na mimi nimeanza tena kuzunguka uwani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi Suud, mume wangu, aliniambia kabla hajaenda kazini Matrah: "Tafuta la kufanya, Muhsina. Utatoboa ardhi." Rahisi kwake kusema. Yeye ana ukarani wake na wenziwe wa kupiga nao soga. Mimi Unguja nilikuwa mwalimu, nikisimama mbele ya wasichana arubaini kila siku, na huku hakuna hata skuli moja ya wasichana ya kunipa chaki. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Angalau nitakuwa na kitu cha kusahihisha.

La kufanya ninalo, lakini linanitia hofu. Ndani ya mkebe wa chai kuna kiganja kimoja cha mbegu za fiwi, zile kunde pana za kwetu. Mama yangu alinifungia katika kitambaa tulipokuwa tunaondoka, miaka miwili sasa, na zilitoka katika bustani yake ya Dole. Mama ameshafariki, na ile bustani sijui leo ni ya nani. Huku fiwi hizi hawazijui, nimeulizia soko zima. Mwaka wa kwanza nilipanda mwezi wa tatu, kama tunavyopanda kwetu kuingojea masika. Masika haikuja, likaja jua. Mwaka jana nilipanda mapema, zikaota, zikageuka manjano, zikafa, na mpaka leo sijui kwa nini. Mbegu nazo zinazeeka. Mwaka huu zisipozaa, basi fiwi za mama zimekwisha duniani, na mwenye kuzimaliza ni mimi.

Alhamisi, 27 Januari

Leo kahawa ilikuwa kwa Shaikha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni mtu wa hapa hapa, ila utotoni alikaa Pemba na baba yake, na Kiswahili chake kimesimama pale pale alipokuwa na miaka tisa. Alikuwepo na Mahbuba, aliyekuja kutoka Unguja meli moja na sisi, ambaye tangu mchicha wake ushike hakuna anayeweza kuzungumza jambo jingine mbele yake.

Mazungumzo yalikuwa ya kupanda. Baridi imebaki kidogo, alisema Shaikha, kwa hiyo figili, kotmiri na uwatu vitiwe wiki hii, biringanya zihamishwe kabla ya mwezi kwisha, na bamia zingoje joto. Mahbuba akasema mchicha yeye anaufunika kwa makuti. Mimi nikasema nitapanda fiwi, na kesho kutwa ninaanza kuinua matuta.

"Tuta la nini, yaa Muhsina?" akauliza Shaikha. "Huku sisi chimba shimo. Maji yakae."

"Mizizi itaoza."

"Kwa maji gani?"

Mahbuba alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi sikucheka. Vitalu vya Shaikha nimeviona, vimezama chini kama makaburi yaliyochimbwa yakasahauliwa. Baba yangu alipiga matuta, babu yangu alipiga matuta, na sijaona mtu Unguja aliyekufa njaa kwa ajili ya tuta.

Jumamosi, 29 Januari

Nimepiga matuta mawili, mazuri, yamenyooka. Mikono imetoka malengelenge. Bi Aliya, mama yake Suud, ambaye kazi yake kubwa hapa ni kulala kitandani na kukataa chakula changu, alinitazama kutwa.

"Mwalimu," akaniita, maana hivyo ndivyo ananiita akitaka kunichoma, "mchana kuna nini?"

"Samaki wa kupaka, Mama."

"Samaki wa huku hana ladha."

Jana mchuzi haukuwa na ladha. Juzi wali. Nimeacha kujibu.

Jumapili, 30 Januari

Nimetia nusu ya mbegu. Nusu nyingine imerudi mkebeni. Bismillahi.

Jumatano, 2 Februari

Upepo. Hakuna kitu.

Jumatatu, 7 Februari

Zimeota! Sita. Nilikwenda kuzitazama mara nyingi sana, mpaka Suud akaniuliza kama ninazifundisha kusoma. Nikamwambia zinaelewa upesi kuliko karani mmoja ninayemjua.

Alhamisi, 10 Februari

Kahawa kwangu. Nimewaonyesha miche. Mahbuba kasifu. Shaikha akainama, akatazama udongo badala ya majani, akasema "inshallah" kwa namna ambayo mtu hulisema neno hilo akiwa hana matumaini. Mwanamke huyu hajui kumfurahia mwenziwe.

Jumatatu, 14 Februari

Majani yameanza kuwa manjano pembezoni. Kama mwaka jana, vile vile.

Nimezidisha maji. Maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi, hatuyanywi, ya kunywa tunaletewa na punda kutoka visima vya nje ya lango la mji. Lakini mboga za Shaikha zinakunywa hayo hayo ya kisima na zimenona. Usingizi sina. Nimesimama, nimekaa, nimesimama.

Jumatano, 16 Februari

Zimekufa zote sita.

Nilikwenda kwa Shaikha mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi leo nimeinama mpaka mgongo umelia. Alikuja, akachutama mbele ya tuta, akaparuza kwa ukucha ule unga mweupe uliokuwa juu yake. Mimi nilidhani ni vumbi.

"Onja," akasema.

Nikaonja. Chumvi tupu.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha mtoto, na kilipomwishia akaendelea kwa Kiarabu. Maji ya kisima yana chumvi. Ukiyamwaga penye tuta, jua linayavuta juu, maji yanakwenda zake, chumvi inabaki pale pale kileleni ulipoweka mbegu. Ukichimba chini, kila unapomwagia maji yanaisukuma chumvi ndani na pembeni, na mzizi unapona. Kwetu tuta linamkinga mmea na mvua. Huku mvua iko wapi?

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mwalimu, nakiri.

"Nilikwambia chimba."

"Hukuniambia kwa nini."

"Hukuniuliza. Ulisema tu babu yako, babu yako."

Nilimkasirikia mpaka magharibi. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa kuwa miaka kumi niliwaambia wasichana wangu kwamba asiyeuliza hajifunzi.

Alhamisi, 17 Februari

Tumechimba. Shaikha alikuja na jembe lake fupi na furushi la dagaa wakavu waliosagika, akawachanganya na udongo wawe mbolea. Harufu ilifika mpaka kwa wazee wetu makaburini. Bi Aliya akapaza sauti kutoka ndani: "Nani kafa?" Shaikha akajibu: "Bado, Mama, tunangoja wewe." Nikadhani moyo utanisimama. Lakini mama mkwe wangu alicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka.

Mbegu zote zilizobaki zimeingia shimoni. Mkebe mtupu. Nimeuosha na kuurudisha juu ya kabati.

Jumamosi, 26 Februari

Zimeota nane. Sitazisifu.

Jumatano, 2 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Jana alasiri mawingu yalitoka nyuma ya majabali, meusi, na ghafla ikanyesha. Mvua hasa, ya kwetu, ya kupiga mabati. Kwanza nilisimama uwani nikilia kwa furaha, kanga imenigandama mwilini, na Bi Aliya ndani akasema: "Alhamdulillahi, masika." Tangu tuje huku nilikuwa sijaisikia mvua inayosema kwa sauti hiyo.

Kisha nikaliona lile shimo. Linajaa. Miche yangu minane imesimama ndani ya maji, vichwa tu ndivyo vinaonekana, na kila kitu nilichofundishwa tangu nina akili kikaniambia: maji yakisimama, fiwi inaoza. Nikachukua kopo, nikaanza kuyateka maji na kuyatupa. Shaikha akanisikia, akapanda juu ya kitu fulani upande wake, kichwa chake kikatokea ukutani kimelowa.

"Acha! Muhsina, acha, yatakunywewa!"

Sikuacha. Niliteka kama mtu anayeokoa chombo kinachozama. Maji yakawa tope, na mimi ninateka tope, ninateka, na kwa mkono wa kushoto ninasaidia kuchota, mpaka giza likaingia na pumzi ikanishinda.

Leo asubuhi nimekwenda kutazama. Maji hayapo, ardhi imeyanywa yote, hata vitalu vya Shaikha vilivyojaa hadi ukingoni ni vikavu, na mboga zake zinang'aa. Miche yangu ilikuwa imetupwa huku na huku uwani, kila mmoja pale nilipoutupa kwa kopo langu mwenyewe. Mvua haikunigusia hata mmoja. Saba niliing'oa mimi. Umesalia ule wa pembeni kabisa ambao mkono wangu haukuufikia.

Mahbuba alikuja kunipa pole, akasema ni kudra ya Mungu. Nikamwambia Mungu asisingiziwe.

Alhamisi, 3 Machi

Sikwenda kwenye kahawa. Shaikha akaileta birika kwangu. Hakusema "nilikwambia". Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo na majibu ninayo, yakabaki mdomoni. Badala yake alinisimulia kuwa siku alipofika Pemba, na umri wake miaka mitano, mvua ilinyesha wiki nzima, naye akalia akidhani ni wadi, yale mafuriko ya ghafla ya mabondeni huku, inakuja kuwachukua. Wenzake wakamcheka. "Kila mtu anaogopa maji yake," akasema. Nilimkalisha mpaka kandili ikawashwa.

Jumapili, 13 Machi

Umeanza kutambaa. Nimeusimikia fimbo.

Jumanne, 22 Machi

Bi Aliya hali chakula vizuri. Mwanzoni nilidhani ni ile deko yake, lakini akiinua mkono bangili zinamteremka mpaka kwenye kiwiko. Suud anazunguka mlango wa mamake, anaingia, anatoka. Sasa tuko wawili wa kuzunguka katika nyumba hii.

Jumatano, 30 Machi

Maua. Madogo, meupe. Suud kanunua mbuzi wa Idi.

Ijumaa, 1 Aprili

Idi kubwa. Mama mkwe alikula kipande kimoja cha nyama, kidogo kama kidole cha mtoto, kwa ajili ya kumridhisha mwanawe.

Jumapili, 10 Aprili

Joto limeingia kama mwenye nyumba. Maua mengi yameanguka. Shaikha kaniwekea kivuli cha makuti ya mtende, na amenikataza kumwagia maji jua likiwa juu. Yale maua yaliyotangulia yameshakuwa maganda, membamba bado. Mapya hayashiki tena. Yaliyoko ndiyo hayo.

Alhamisi, 14 Aprili

Daktari amekuja kutoka Matrah. Amemsikiliza kifua, amemtazama macho, akasema moyo umechoka. Mpeni anachokipenda, akasema, chochote. Suud akamtoa mpaka mlangoni na kurudi akiwa ameng'ata mdomo.

Nilikwenda kumuuliza. "Mama, una hamu ya nini? Sema chochote."

Akafikiri muda mrefu. Nilidhani atasema shokishoki, au tunda jingine lisilopatikana huku, nipate udhuru.

"Nna hamu ya fiwi," akasema. "Fiwi mbichi za nazi. Basi."

Jumapili, 17 Aprili

Naandika ili niache kuzunguka.

Maganda ni machache. Nikiyachuma mabichi yatatosha bakuli moja, na mbegu itakuwa imekwisha. Nikiyaacha yakauke, nitapata kiganja kama kile alichonipa mama, na mwezi wa kumi na moja, baridi ikianza, tutapanda kwa akili, shimoni, na wakati wake. Lakini mwezi wa kumi na moja ni mbali, na Bi Aliya leo ameshindwa kujigeuza mwenyewe.

Shaikha anasema mzao wa kwanza hauliwi, hata mtoto akilia. Suud nilipomuuliza akasema: "Mama ni wangu, mbegu ni zako. Siwezi kukuamulia." Jawabu la karani. Nilitaka aniamrishe, nipate wa kumlaumu.

Na ninachokificha hata katika daftari hili ni hiki: nimemkasirikia. Miaka miwili anakataa kila ninachopika, na siku anayotaka kitu, anataka hicho. Mama yangu hakupata mtu wa kumuuliza ana hamu ya nini.

Jumamosi, 23 Aprili

Maganda yamejaa. Ukiyashika unaisikia mbegu ndani. Bi Aliya hajataja tena. Angetaja ningekuwa na kitu cha kugombana nacho.

Jumatano, 27 Aprili

Nilikwenda kwa Mahbuba na kumweleza yote. Akafungua sanduku, akatoa maharage meupe makubwa kutoka Bombay.

"Yaloweke, yamenye, yatie nazi nyingi," akasema. "Nani atajua?"

Alhamisi, 28 Aprili

Nimefanya. Niliyaloweka tangu jana, nikayamenya moja moja, nikakuna nazi mbili, tui la kwanza na la pili, bizari kidogo, chumvi kidogo. Nikampelekea. Suud alimwinua, mimi nikasimama na sahani.

Akala. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Hizi ndizo," akasema. "Hasa. Ladha ya shamba. Mungu akuweke, mwanangu."

Hajapata kuniita mwanangu tangu niolewe. Suud akageuza uso akafuta macho. Mimi nikatoka na sahani tupu, nikakaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na nikahisi uchafu ambao sijauhisi maishani. Fiwi za mama ziko salama mtini na nimezipata kwa kumdanganya mgonjwa. Hata hamu ya kwenda kuzitazama sina.

Ijumaa, 29 Aprili

Suud alipokwenda kusali, Bi Aliya aliniita. Alitaka kugeuzwa upande. Nikamgeuza, nikamwekea mto.

"Hizo za mtini," akasema, "ziache zikauke vizuri. Usiwe na pupa."

Nikawa kama niliyemwagiwa maji.

"Mama?"

"Kitanda changu kinatazama uwani, Muhsina. Nazitazama kutwa, mie nna kazi gani nyengine? Jana hazikupungua hata moja." Akapumzika. "Na mie nimepika fiwi kabla mama'ko hajazaliwa. Nisijue maharage ya Kihindi?"

"Mbona ulisifu?"

"Ulisimama pale na sahani inakutetemeka mkononi. Ningesema nini? Tena mbele ya Suud."

Miaka miwili nimekuwa nikiandika kichwani mwangu habari za mwanamke asiyemwonea mtu huruma. Nililia palepale, juu ya shuka yake, nikimwambia anisamehe, naye akinipiga kofi dogo dogo mgongoni na kunambia niache, nitamlowesha.

Kisha nikaondoka nikaenda uwani. Nilichuma yote. Yaliyokuwa juu nikayavuta kwa fimbo. Shaikha akatokea ukutani.

"Muhsina, unafanya nini? Mbegu!"

"Najua."

Alinitazama, akatazama dirisha la Bi Aliya, akashuka. Baada ya kitambo aliniletea nazi iliyokunwa tayari, akaiweka kizingitini na kwenda zake.

Nikapika kama mama alivyokuwa akipika, bila ya bizari. Ilikuwa bakuli moja, wala haikujaa. Nikamlaza kichwa kifuani kwangu, nikamlisha. Alitafuna polepole, amefumba macho. Nilingoja. Hata majibu ya mtihani wangu wa ualimu sikuyangoja hivyo. Akameza, akafumbua jicho moja.

"Mwalimu."

"Labeka, Mama."

"Zile za jana zilikuwa tamu zaidi."

Nikaonja. Kweli. Zilikuwa ngumu kidogo, na kwa mbali zilikuwa na chumvi ya kisima chetu. Nikamtazama, akanitazama, na tukaanza kucheka, yeye kwa sauti ndogo ya kukwaruza na mimi nikimshika asije akapaliwa, tukacheka mpaka machozi, wala sijui machozi yepi yalikuwa ya nini. Alipopata pumzi akafungua mdomo tena, nikamtilia kijiko kingine, na kingine nikala mimi.

Suud aliporudi msikitini akanusa nazi, akauliza fiwi zilizobaki ziko wapi. Hazikubaki. Mamake alikuwa amelala, na mimi nilikuwa ninafuta bakuli kwa kidole.